Askofu Edward Steere, Mtu Aliyejua Kungoja

Anayekwenda Kua kwa mashua hana budi kungoja maji yajae. Maji yakipwa, mikoko ya Juani husimama juu ya matope, na nahodha hata akipigiwa kelele namna gani hawezi kukitia chombo ndani. Hivi karibuni tulikwenda huko, watu wachache wa mtaa wetu. Tukazunguka katikati ya kuta za misikiti na majumba ya mji ule wa kale, kisha tukakaa kivulini tukala tulichochukua, huku tukingoja maji ya kurudia. Hapo ndipo yalipoanza mabishano yaliyotufanya tuandike habari hizi.

Vijana wetu walisema kwamba tumekaa kimya mno. Walitaka tuje Juani na kipaza sauti, tuhubiri waziwazi, atakayesikia asikie. Wazee wakajibu kwamba watu wa Juani wana dini yao tangu misikiti ile ilipojengwa, nao ni jirani zetu. Twauziana samaki, twaazimana vyombo vya arusi, na tukifiwa wanakuja kutusaidia kuchimba kaburi. Vijana wakasema huo ni woga uliovaa kanzu ya heshima. Neno hilo lilituuma, maana lina ukweli ndani yake, na kila mmoja wetu alijua siku aliyonyamaza kwa woga kisha akajisifu kwa busara. Maji yalipojaa tukarudi, hatukupatana.

Basi katika kurasa hizi, ambamo huwa twasimulia maisha ya watu waliotutangulia katika imani, safari hii tumemchagua Edward Steere, Askofu wa tatu wa Misioni ya UMCA. Wengi wetu twalijua jina lake kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini huko Unguja, na kwa sababu ya Kiswahili cha vitabu vyetu vya kale. Lakini maisha yake yote yalikuwa ni swali hili hili la wapi pa kwenda polepole, na ni nani anayelipa gharama ya upolepole huo.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Angeweza kukaa katika kazi hiyo akapata mali, lakini moyo wake haukutulia, na mwaka 1856 akapewa daraja ya ushemasi. Baadaye akawa padre wa shamba katika nchi ya Lincolnshire, akishika kijiji kidogo kiitwacho Little Steeping. Hakuwa mtu wa maneno mengi matamu. Alikuwa na akili ya kisheria, ya kupima neno kabla ya kulitoa, na tena alipenda kazi za mikono, hasa kazi ya kupiga chapa, ambayo baadaye aliwafundisha vijana wa Unguja. Jirani yake katika kazi ya upadre alikuwa rafiki yake William Tozer. Tozer alipochaguliwa kuwa Askofu wa Misioni mwaka 1863, Steere alijitolea kumsindikiza kwa mwaka mmoja au miwili tu. Mkewe alibaki Uingereza. Ile miaka miwili ikageuka kuwa karibu maisha yake yote yaliyosalia.

Ili tumfahamu Steere hatuna budi kwanza kumtaja aliyemtangulia Tozer, yaani Askofu Charles Mackenzie. Dk. Livingstone aliwaita watu wa vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857 waje Afrika kuleta Injili na kukomesha biashara ya watumwa, na Mackenzie ndiye aliyeitika wa kwanza. Mwaka 1861 alifika Magomero, katika nchi iitwayo leo Malawi. Njiani, yeye na Livingstone na wenzao walikutana na msafara wa watumwa waliofungwa kongwa. Wakawafungua. Nani kati yetu angepita bila kuwafungua? Lakini jambo halikuishia hapo. Wamang'anja waliokuwa wakivamiwa walimwomba Askofu awasaidie juu ya Wayao, naye akakubali. Wageni waliofika juzi tu, wasiojua lugha wala chanzo cha ugomvi, wakaingia vitani na vijiji vikachomwa. Januari 1862 Mackenzie alikufa kwa homa kandokando ya mto Shire, baada ya mtumbwi wake kupinduka na dawa zote kupotea majini. Wenzake kadhaa walikufa pia, na waliosalia walibaki na njaa, na magonjwa, na watu waliowategemea, na maadui waliojitafutia wenyewe.

Tozer na Steere waliikuta misioni katika hali hiyo. Walikaa kwa muda katika mlima Morambala karibu na mto Zambezi, wakatazama, wakapima, kisha Tozer akaamua kuondoka kabisa. Mwaka 1864 walihamia Unguja. Livingstone alikasirika mno; kwake yeye hiyo ilikuwa ni kukimbia. Watu wengi huko Uingereza waliona hivyo hivyo. Waliitwa kwenda bara kwenye moto wa biashara ya watumwa, nao wamekwenda kukaa kisiwani, katika mji wa Sultani, mahali penye soko la watumwa! Sisi tusomao leo twaweza kuona walichokifikiri. Unguja ndiyo ilikuwa njia panda ya nchi yote. Watu wa kila kabila la bara walipatikana pale, na lugha ya pale ilifahamika na misafara mpaka maziwa makuu. Lakini wakati ule mambo hayo hayakuonekana, na lawama walizibeba.

Mwaka ule ule wa 1864 Sultani Majid aliwapa watoto watano waliokamatwa katika jahazi la mfanya biashara ya watumwa. Ndio waliokuwa mwanzo wa shule, ambayo baadaye ilikaa Kiungani. Mmoja wao aliitwa John Swedi, na tutamtaja tena.

Steere alianza kwa kusikiliza. Tunasema kwa ufupi, lakini kazi hiyo ilichukua miaka. Hakupanda mahali akahubiri kwa mkalimani. Alikaa na masheikh na waungwana wa mji, na watu wa kawaida, akawauliza neno hili maana yake nini, na lile latumiwa wapi, na kwa nini huku wasema hivi na kule vile. Akaomba asimuliwe hadithi, akaziandika kama zilivyosemwa. Mwaka 1870 zikatoka katika kitabu, na ndani yake kimo kile kisa cha Sultan Darai ambacho wazee wengi wa pwani wakijua. Mwaka huo huo kikatoka kitabu chake cha kufundishia Kiswahili. Mwaka mmoja kabla yake, 1869, Injili ya Mathayo ilikuwa imekwisha chapwa.

Tafsiri hizo za kwanza zina jambo moja ambalo vijana wetu huenda hawalijui. Bwana wetu hakuandikwa humo Yesu Kristo kama tulivyozoea leo, bali Isa Masiya. Steere alilikuta jina hilo vinywani mwa watu. Jirani zake Waislamu walilitaja kwa heshima, basi hakuona sababu ya kuwaletea jina la kigeni kana kwamba analeta mtu wasiyemsikia kamwe. Ndivyo alivyofanya na maneno mengine mengi. Mungu, nabii, dhambi, sala, malaika, yote aliyapokea kutoka kwa watu wa pwani, akayatumia kwa adabu, hata pale ambapo alijua kwamba maana atakayoitia ndani si ile ile waliyoizoea. Wako waliosema baadaye kwamba jina Isa lilificha tofauti iliyopasa kuonekana, na mwishowe Kanisa lilichagua Yesu. Sisi hatuna elimu ya kuamua hapo. Lakini twaona kwamba mtu aliyeingia nyumbani kwa mwenzake kwa jina ambalo mwenye nyumba analijua, alipewa kiti.

Alirudi Uingereza mwaka 1868, akakaa huko miaka, na mwaka 1872 akaja tena Unguja. Mwaka huo tufani kubwa ilikuwa imeipiga Unguja na kuharibu mikarafuu na nyumba na vyombo. Tozer alikuwa mgonjwa, hakuweza kuendelea. Mzigo ukamwangukia Steere.

Sasa tunafika mwaka 1873. Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshurutisha Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Frere alishindwa akaondoka. Balozi wa Uingereza, Dk. John Kirk, ambaye alikaa Unguja miaka mingi na kujuana na kila mtu, akamaliza jambo, ingawa si kwa upole mtupu. Nyuma ya maneno yake palikuwa na tishio la manowari kuziba bandari. Tarehe 5 Juni 1873 mapatano yakatiwa sahihi, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Padre Arthur West akanunua sehemu ya kiwanja cha soko hilo, na mfanyabiashara Mhindi Jairam Senji akatoa sehemu nyingine bure. Siku ya Krismasi 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Kujenga kanisa pale palipouzwa wanadamu ni jambo la kelele kubwa kuliko hotuba yoyote. Waarabu wa mji walikuwa wamepata hasara na hasira. Mtu mwingine angesimama pale kila siku akiwakumbusha aibu yao. Steere aliweka kibanda, akakaa ndani akizungumza habari za Injili kwa Kiswahili kizuri. Aliyetaka aliingia, aliyechoka aliondoka. Kanisa lenyewe likajengwa pole pole, kwa matumbawe na saruji, kwa mikono ya mafundi wa Unguja, na Steere mwenyewe ndiye aliyekuwa kama msimamizi wa ujenzi. Paa lake ni kuba ndefu isiyo na mbao, na wengi walitazamia kuiona ikianguka. Yasimuliwa kwamba zamani za ujenzi Askofu alipokuwa safarini, mafundi walisimamisha nguzo kadhaa juu chini, na aliporudi akaziacha vile vile. Anayekwenda Mkunazini huonyeshwa nguzo hizo mpaka leo.

Mwaka 1874 aliwekwa wakfu kuwa Askofu huko Westminster Abbey, London.

Katika jambo la utumwa ndipo tulipo na shida, na hatutaki kuipita. Mapatano ya 1873 yalikataza kusafirisha na kuuza, hayakukomesha utumwa. Mashamba ya Unguja na Pemba, na ya huku Mafia, yaliendelea kulimwa na watumwa kwa sheria ya nchi. Watu wa kale wa visiwa hivi walikuwa na msemo wao wa mahali: kisiwa cha Chole ndicho Chole Mjini, walikokaa mabwana, na Mafia kubwa ndiyo Chole Shamba, walikokaa waliowalimia. Basi misioni yenye makao mjini kwa Sultani ifanye nini na mtumwa aliyemkimbia bwana wake?

Huko Mombasa, misioni nyingine ilikuwa na kijiji cha Frere Town. Watoro walipewa nafasi huko, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walishika silaha, ikabaki kidogo damu imwagike. Miaka minane baadaye ilibidi fedha nyingi zilipwe kwa mabwana ili watoro zaidi ya elfu moja waachwe kwa amani. Kwa upande wa UMCA, kijiji cha Mbweni, nje ya mji wa Unguja, kilijengwa kwa njia nyingine. Watu wake walikuwa mahuru halali, waliookolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini na kukabidhiwa misioni na ubalozi. Hakuna bwana aliyeweza kuja mlangoni na kumdai mtu. Steere, kama wakili, alitaka kila mtu wa Mbweni awe na uhuru ambao hakuna kadhi wala liwali awezaye kuubatilisha. Naye aliuona mkosi wa Magomero, pale ambapo wema wa haraka uliwageuza wahubiri kuwa watu wa vita.

Hapo tungeweza kumsifu tukaendelea. Lakini tumfikirie yule ambaye jahazi lake halikukamatwa. Aliuzwa Kilwa, akavushwa usiku, akafikishwa shambani salama kwa bwana wake, basi kwa sheria akawa wake. Huyo alisikia kengele ya Mbweni kama wengine. Busara ya Askofu haikumfikia. Hatusemi kwamba Steere alikosea. Kama angefanya kinyume huenda misioni ingefungwa, na watoto wa Kiungani kutawanyika, na vitabu visingeandikwa. Tunasema tu kwamba mtu huyo alikuwako, na hesabu ya subira ya wakubwa huandikwa mara nyingi katika daftari la wadogo. Vijana wetu walipokasirika kule Juani, nadhani walikuwa wakimwona mtu wa namna hiyo, ingawa hawakumtaja.

Mwaka 1875 Steere alikwenda bara kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao ambaye alikuwa mkubwa katika biashara ya watumwa. Wayao ndio waliopigwa vita na Mackenzie. Steere hakwenda na bunduki za kuwafungua watu kwa nguvu. Alikwenda kumsalimu, akakaa, akaongea naye, akarudi. Safari nzima ilikuwa ya taabu, na mtu anayependa matunda ya haraka angesema hakupata kitu.

Mwaka uliofuata akachukua watu wa Mbweni waliotaka kurudi kwao bara, wanaume 31 na wanawake 24, wakasafiri baharini kwenda Lindi. Hebu tuitazame safari hiyo kutoka mahali tulipo sisi. Chombo kitokacho Unguja kwenda Lindi hupita Mafia, ama kwa ndani kati ya visiwa na bara, ama kwa nje upande wa bahari kuu unaoelekea Juani. Kwa miaka mingi majahazi ya Kilwa yalipita njia hiyo yakielekea kaskazini, watu wamelazwa ndani kama magunia. Sasa watu 55 wa namna ile ile walipita wakielekea kusini, wamekaa juu, wakirudi. Ambao hawajawahi kukaa visiwani pengine hawataona ukubwa wa jambo hilo.

Na Juani yenyewe ina habari zake za kutekwa. Kua, tulikokaa kubishana, ulikuwa mji wa watu mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava walipokuja kutoka Madagaska wakauvamia ghafla, wakaua, wakachukua mateka. Mji haukuinuka tena. Wazee pia husimulia kisa kingine cha zamani zaidi, cha Kua na Kisimani, nasi tunakiandika kama kinavyosimuliwa. Watu wa Kisimani walikuwa wakishua jahazi jipya, wakawaalika wa Kua katika karamu. Kisha wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani, wakalipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua hawakufanya kitu. Miaka ikapita, watu wakasahau, au wakajidai wamesahau. Ndipo Kua wakawaalika wa Kisimani arusini, wakawakaribisha katika chumba kizuri kilichochimbwa chini. Wenyeji wakatoka mmoja mmoja, akabaki mzee mmoja akiwatumbuiza wageni, na huku nje mlango ukajengwa kwa mawe. Mzee akafa pamoja nao.

Tumekitaja kisa hiki kwa sababu mmoja wa wazee wetu, katika kuwatuliza vijana, alisifu mwendo wa pole pole kana kwamba kila mwendo wa pole pole ni mwema. Watu wa Kua walikuwa na subira, na adabu, na ukarimu wa kupita kiasi. Yafaa kuuliza mtu anangojea nini.

Steere alikuwa akiwangojea watu wajiamulie. Hilo lilionekana Masasi. Alidhamiria kuwapeleka wale 55 mbele zaidi, kuelekea nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya yale majabali makubwa, wao wenyewe walitaka kubaki. Ardhi ilikuwa nzuri na maji yapo, na mbele yao palisikika habari za njaa na hatari. Wako na waliojiona wamekaribia kwao. Steere aliiacha mipango yake. Wakagawiwa viwanja, wakajenga, naye akamwacha kijana William Percival Johnson pamoja nao, akarudi Unguja. Hivyo ndivyo Masasi ilivyoanza, ambayo leo ni dayosisi: Askofu alikubali kusimama pale ambapo watu wake walichoka kutembea.

Hata katika kuwatia Waafrika katika daraja za Kanisa alikwenda kwa hatua ndogo. John Swedi, mmoja wa wale watoto watano wa Sultani Majid, alifanywa shemasi mwaka 1879, miaka 15 tangu alipofika misioni. Ndiye shemasi Mwafrika wa kwanza wa misioni hii. Steere aliona ni lazima kazi iwe mikononi mwa wenyeji, na kwamba wasigeuzwe Waingereza weusi. Vijana wa Kiungani walivaa kanzu na kusali kwa Kiswahili. Lakini upadre hakumpa Swedi wala mwingine. Padre wa kwanza Mwafrika wa UMCA, Cecil Majaliwa, alipata daraja hiyo mwaka 1890, wakati Steere amekwisha kufa miaka minane. Kwa maoni yetu hapa tahadhari ilizidi. Wako watakaosema ni rahisi kwetu kunena hivyo leo.

Miaka yake ya mwisho aliigawa kati ya saruji ya Mkunazini na meza ya tafsiri. Alikuwa ameufikisha mwisho mfasirio wa Agano Jipya na Kitabu cha Sala, na sehemu kubwa ya kazi iliyofuata ilisimama juu ya msingi wake, mpaka Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilipotoka mwaka 1891. Alikuwa mnene, amechoka, na Unguja haikuwahurumia wageni. Agosti 1882 alikufa ghafla huko huko Unguja, umri wake miaka 54. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga. Paa lilikuwa limekwisha simama, na halikuanguka.

Mwezi uliofuata, Septemba 1882, Wangoni waliokuwa wakiitwa Magwangwara walishuka Masasi. Kijiji kilichomwa moto. Baadhi ya watu waliuawa na wengine walitekwa, na kati ya waliotekwa walikuwamo ambao kwa mara ya pili katika maisha yao walifungwa kamba shingoni. Padre Chauncy Maples na wenzake walihangaika kuwakomboa. Steere hakuliona jambo hilo. Wengine husema ni rehema ya Mungu. Sisi hatujui kama yeye mwenyewe angeiita rehema.

Tulipowasomea vijana habari hizi kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa, mmoja aliuliza ni lini basi watumwa wa visiwa hivi vyetu waliachwa. Swali lake lilikuwa la haki, tukatafuta. Mwaka 1890 Mafia, pamoja na Chole na Juani na Jibondo, iliondolewa katika milki ya Sultani ikawa chini ya Wadachi. Unguja na Pemba utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897. Lakini huku sisi tulikuwa tumekwisha tengwa nao, sheria hiyo haikutuhusu. Wadachi walitoa amri kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na waliozaliwa kabla waliachwa kama walivyo, wajikomboe wakiweza. Sheria ya kuwaacha wote ilipitishwa na serikali ya Waingereza ya Tanganyika mwaka 1922. Mtoto aliyezaliwa mtumwa katika shamba la visiwa hivi mwaka ule aliokufa Askofu Steere alikuwa, siku sheria ilipomfikia, mtu mzima wa miaka 40.

Kijana yule aliandika tarehe hizo katika karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Kuhusu kipaza sauti bado hatujapatana. Lakini tumeombwa tena kwenda Juani, safari hii katika arusi ya jirani, na tumeambiwa tuwahi kabla maji hayajapwa.